Hadithi ya Mchana

Godoro la sufi likianikwa juani hutoa harufu ya vumbi tamu, na kila niipatapo naiona fidla ya Shangazi Zuwena ikitolewa ndani ya godoro letu, kule Matrah, Omani, mwaka wa pili tangu tukimbie Unguja. Siku hizo Sultani wa huko hakutaka muziki usikike mjini, kwa hiyo fidla tuliilalia.

Shangazi alikwisha kuchoka na harusi za kimya. Binamu yangu alipoposwa, Shangazi akataka kuwachezea wanawake uani mchezo wa nyimbo, autunge kutokana na hadithi ya Bibi: mama azungukaye nchi akimwita binti yake aliyepotea. Wimbo wa huyo mama aliujua Bibi peke yake, na Bibi hakuutoa.

Baada ya Isha milango ya mji ilifungwa, basi mchezo ilikuwa lazima uwe alasiri. Na kwetu hadithi haitolewi mchana. Atoaye huota mkia. Bibi alishikilia hilo wiki nzima, kwa sauti ya mtu aliyechoka hata kukataa. Shangazi alibembeleza mpaka akachoka naye. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alinung'unika.

Siku yenyewe, wageni wamekwisha kukaa, Bibi akainuka mkekani.

"Haya Zuwena, piga. Mkia nikiuota, n'tauficha ndani ya kanga."

Akaimba kwa sauti kavu, bila ya kumtazama mtu. Binti nilikuwa mimi, nyuma ya pazia, kazi yangu kuitika "Labeka mama, nipo." Lakini macho yangu yalikuwa kwenye kanga yake, nangoja mkia utokeze. Akaita, kimya. Fidla ikarudia. Akaita tena, sauti ikamkatika. Shangazi akanifinya, na mara ya tatu nikaitika. Bibi akakaa palepale, akajifunika uso. Wanawake walisema hawajaona mchezo mzuri kama ule, na mimi nikapewa halwa.

Dada yake mkubwa Shangazi, naye binti wa Bibi, alibaki Unguja. Sisi watoto tuliambiwa yuko safarini, atakuja. Hakuja, wala barua yake haikuja. Nimekuwa mtu mzima, na watoto wangu mwenyewe wako mbali, ndipo nilipojua kuwa Bibi hakuwahi kuuogopa mkia. Aliogopa kuita asiitikiwe, na mimi nilimwacha aite mara mbili.