Paka wa Katumba na Kitambaa cha Altare

Nyie mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kuchekwa, na wengi wenu mkikutana na mimi njiani mnashusha sauti kabla hamjanisalimia. Basi leo naandika jambo ambalo kwa miaka mingi likitajwa mbele yangu nakumbuka ghafla kwamba kuni zimeisha nyumbani. Nimechoka kulisikia likisimuliwa na watu ambao hawakuwepo, kila mmoja anaongeza paka wake (juzi nimesikia walikuwa sita). Walikuwa wawili. Na aliyeaibika ni mimi, kwa hiyo nitalisimulia mimi.

Ilikuwa miaka ya tisini, huku kwetu nje kidogo ya Mpanda, njia ya kwenda Katumba. Mzee wangu alikuwa keshafariki, watoto wameolewa na wengine wako Tabora kutafuta maisha, nyumbani nimebaki mimi na magunia yangu ya karanga. Lakini kanisani, pale kigangoni petu, nilikuwa mtu mkubwa, maana mimi ndiye niliyekuwa mtunza vitambaa. Kile kitambaa kirefu cheupe cha altare kilikuwa kinakaa nyumbani kwangu ndani ya sanduku, kwa sababu chumba cha padre cha kuvalia kilikuwa kinavuja na kwa sababu pasi ya mkaa inayopata moto sawasawa ilikuwa yangu. Nakifua mimi, nakitia wanga wa muhogo mimi, nakinyoosha mimi, na siku ya misa nilikuwa na mtindo wangu, sikitandiki mpaka watu wote wamekaa, ili wakione.

Mwanamke mmoja aliwahi kukiharibu. Leonsia, mtu mpole, nyumba yake imepakana na kanisa. Siku moja akiwasha mshumaa alidondosha nta juu ya kitambaa, tone dogo kama punje ya ulezi, nami nikamwambia mbele ya akina mama wote, "Kama mikono haijui kushika mshumaa, ikashike jembe." Alijitanda kanga yake vizuri akatoka, na kuanzia siku ile akawa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mimi nikaona sawa tu, kitambaa kimepona.

Sasa mwaka ule tukaambiwa Jumapili fulani padre anakuja, na watoto watapata komunyo ya kwanza. Padre kwetu hakuwa mtu wa kila wiki, alikuwa anafika barabara ikikubali, kwa hiyo jambo lilikuwa kubwa. Nafungua sanduku nianze kukifua, nakuta panya wametafuna pembe moja. Si sana, kiasi cha kiganja cha mtoto. Nikakaa chini nikashona kwa hasira, na nikajua kabisa kwamba panya wakirudi kabla ya Jumapili, ufunguo wa lile sanduku utakwenda kwa mtu mwingine. Nilishawasema watu wengi mno, hakuna ambaye angenionea huruma.

Ndipo nikakata shauri la kutafuta paka. Nikaenda Katumba kwa rafiki yangu Spesioza, Mrundi, tulizoeana sokoni tukiuza maharage. Alikuwa na paka wengi, akanipa wawili, jike la madoadoa na dume la rangi ya majivu, wakubwa tayari, wanaojua kazi.

"Lakini hawa watakukimbia, mama Yustina," akaniambia. "Paka aliyehamishwa anarudi alikotoka. Kwanza wabebe ndani ya gunia wasione njia. Ukikaribia kwako, lizungushe gunia wapoteze mwelekeo. Ukifika funga nyumba, milango na madirisha. Halafu wapake mafuta chini ya miguu, tone tone. Watalamba. Paka akishalambia miguu yake mahali, hapo ni kwake."

"Mafuta gani?"

"Ya kula yoyote. Tone tone, umenisikia? Usimwage."

Nikarudi kwa miguu na gunia mgongoni, paka wanalia ndani kama watoto walioibwa. Nilipofika karibu na nyumbani nikasimama njia panda nikaanza kuzungusha gunia, kwanza taratibu, halafu nikaona afadhali nizunguke na mimi mwenyewe ndiyo watachanganyikiwa vizuri. Akapita kijana na baiskeli, akashuka.

"Shikamoo bibi. Umepotea nikupeleke?"

"Marahaba. Kwangu ni pale, unapaona. Nenda zako."

Akaenda, lakini alikuwa anageuka nyuma. Ile ndiyo ilikuwa aibu ya kwanza, na kama ingeishia pale nisingeandika.

Nyumbani nikafunga mlango, nikafunga madirisha, nikaona mwanga unapita kwenye nyufa za mbao, na panapopita mwanga nikasema patapita paka, nikaziba kwa matambara. Nikatazama juu, kati ya ukuta na bati pana upenyo, nikapanda kinu nikajaza magunia. Chini ya mlango nikaweka mchi. Nyumba ikawa giza mchana kweupe, nami ndani yake nikiwa na paka wawili wananitazama kwa macho tu.

Ikabaki mafuta. Mafuta niliyokuwa nayo yalikuwa mawese ya kutoka Karema, mekundu yale mazito, chupa nzima. Na hapa ndipo kosa langu lilipo, kwa sababu Spesioza alisema tone tone, nami nikajiambia tone tone ni la watu wenye muda, mimi nina Jumapili mbele yangu. Nikamwaga mawese kwenye sahani, nikamshika jike shingoni nikamsimamisha ndani miguu yote minne, halafu dume naye (huyo alinichana hadi kwenye kiwiko, alama ninayo). Wakalamba kidogo, wakakinai, wakaanza kutembea. Sakafu yangu ni ya udongo, mafuta yanazama huoni kitu. Nikaridhika.

Siku zile hadi Jumamosi nilikuwa natoka nyumbani kwa ubavu, mlango nimeufungua kiasi cha kupita tumbo, na majirani wakaanza kuulizana kama naumwa au nimeficha mgeni. Mama mmoja alibisha hodi ameniletea uji wa mgonjwa. Nikaupokea kwa upenyo wa mlango. Ulikuwa mzuri. Na panya kwa kweli walinyamaza, na mafuta nilikuwa naongeza kila nikiona miguu imekauka, kwa sababu jambo likifanya kazi mtu unaliendeleza.

Jumamosi nikaanika kitambaa, nikakinyoosha uani kwenye jua, kikang'aa hata mimi nikajisifu. Nikikikunja na wanga ule kitavunjika mistari, kwa hiyo nikakiingiza ndani nikakitandaza juu ya kitanda changu, urefu wote. Mimi nikalala kwenye mkeka nimeuegemea mlango, ili paka wasinipite. Yaani kitanda nimekiachia kitambaa, mlango naulinda mimi, na chumba cha kulala kimezibwa na pazia tu. Mtu mwenye akili zake angeliona hilo tundu. Mimi nilikuwa natazama mlango.

Asubuhi kengele ya kwanza ikagongwa nimechelewa. Koroboi limekauka, na dirisha sithubutu kufungua. Nikaingia chumbani nikapapasa kitambaa gizani, nikakikunja kwa kukadiria, nikakifunga ndani ya kitenge safi, nikatoka kwa ubavu, nikafunga, nikaenda.

Kanisa limejaa. Watoto wa komunyo wamevaa nguo nyeupe, wamepangwa mbele. Kwaya inaimba. Nikasubiri watu wakae kama kawaida yangu, nikapita katikati nimekibeba kile kitenge kwa mikono miwili, nikasimama nyuma ya altare nikiwatazama watu, nikakishika kitambaa kwenye pembe nikakirusha hewani kikashuka chenyewe kikajilaza.

Mimi nilikuwa natazama nyuso zao. Benchi la kwanza la kwaya likaacha kuimba, halafu la pili, sauti zikafifia kama redio inayoishiwa betri. Mtoto mmoja wa komunyo akasema kwa sauti safi kabisa, "Paka."

Ndipo nikatazama chini. Nyayo zilianzia upande wa kushoto, nyekundu, zimepangika vizuri kama mtu aliyetumwa dukani, zikaja hadi katikati. Katikati walikutana, sijui waligombana au walicheza, palikuwa pamepakwa pakavurugika. Halafu zikaendelea hadi upande wa kulia, na pale mwisho mmoja alilala, maana umbo lake lilikuwepo, mpaka mkia.

Nikakigeuza. Mawese yalikuwa yamepenya, upande wa pili ni uleule. Nikachukua makopo ya maua nikaanza kuyaweka juu ya nyayo. Makopo yalikuwa manne. Nyayo hazikuwa nne. Nikasogeza kinara cha mshumaa, nikasogeza kitabu, nikabaki nimeweka viganja vyangu viwili juu ya alama zilizobaki kama mtu anayepasha mikono motoni. Katekista akanisogelea akaninong'oneza, "Mama, padre yupo mlangoni, anavaa." Nilimwona mama mmoja benchi la tatu ameuma kanga yake, mabega yanamcheza. Nilikuwa nimewahi kumsema kwa kuja na mtoto asiyenawishwa. Nilitazama mwingine, naye nilikuwa nimewahi kumsema. Nikatafuta mtu mle kanisani ambaye sijawahi kumsema, nikapata watoto.

Kule nyuma, benchi la mwisho, Leonsia akainuka, akatoka nje. Nikajua ameenda kucheka anapoweza kucheka vizuri.

Hakukawia. Alirudi akitembea haraka, amekumbatia shuka jeupe limekunjwa, akapita katikati ya watu wote mpaka mbele. Aliondoa kopo moja la maua, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shika upande ule." Nikashika. Tukaondoa na vitu vingine, tukatandika pamoja. Lilikuwa shuka lake la kitandani, la harusi yake, amelidarizi mwenyewe maua ya waridi pembeni, na katikati kwa herufi kubwa za uzi wa buluu limeandikwa LALA SALAMA.

Tukatazamana. Maandishi yalikuwa yanawaelekea watu. "Ligeuze," akaninong'oneza, tukaligeuza yakamwelekea padre, akarudi benchi lake la mwisho.

Padre akaingia, akabusu altare, akasoma. Nilimwona anasoma. Ilipofika mahubiri akatutazama, akasema, "Leo nitafupisha, naona wenyeji wangu mmeniandikia nisikawie kulala." Kanisa zima likacheka kile kicheko kilichokuwa kimewabana tangu mwanzo, na mimi nikiwa nimeinamisha kichwa kwenye benchi la mbele kabisa, ambako nilikuwa nimejiwekea mahali pangu.

Nilirudi nyumbani, nikafungua mlango mpaka mwisho, nikafungua madirisha, nikang'oa matambara yote. Nikawaambia wale paka, "Tokeni. Katumba ni kule." Jike akaja akalala kizingitini kwenye jua. Dume akatoka kweli, sikumfuata.

Baada ya siku chache nikasikia yupo kwa Leonsia. Nikaona hiyo ni sababu ya kwenda, maana shuka nilikuwa nimeshamrudishia kwa mkono wa mtu mwingine, tena limefuliwa na kunyooshwa, bila neno. Nikamkuta uani anapepeta ulezi.

"Hodi. Nimemfuata paka."

"Karibu, mama. Yupo jikoni amelala. Nilimkagua miguu kwanza."

Nikakaa kwenye kigoda. Akaendelea kupepeta.

"Lile neno la jembe," nikasema.

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Nalijua, mama. Nilikuwa naangalia kama na wewe unalijua."

Nikamwambia nilikosea, na kwangu mimi kusema hivyo ni kazi kuliko kulima. Akaweka ungo chini.

"Nimesikia. Lakini neno lile hukulisema uani kwangu."

Nikanyanyuka, nikamwacha paka jikoni, nikaenda zangu nikiwa nimekasirika, na nilikasirika mpaka Jumapili kwa sababu alikuwa amesema kweli. Jumapili ile baada ya sala nikawazuia akina mama wasitoke, nikasimama pale pale nilipolisemea, nikalirudisha lote, na la mshumaa na la jembe. Sauti yangu haikuwa nzuri. Hakuna aliyecheka, nami ningependa wangecheka. Halafu nikamkabidhi Leonsia ufunguo wa sanduku. Akaupokea, akaufunga kwenye pindo la kanga yake, akasema, "Pasi bado ni yako, mama. Uje nayo Jumamosi."

Kitambaa tulikianika juani kwake, siku baada ya siku, na jua likayala yale mawese mpaka ikabaki njano hafifu ya unyayo mmoja, upande wa kulia. Upo mpaka leo, ukijua pa kutazama. Kitambaa sikunji tena gizani, na paka sifungii tena, anayetaka kukaa akae na anayetaka kwenda njia anaijua. Dume la majivu lilizeekea kwa Leonsia, sikulidai. Na kanisani nikiona tone la nta mahali, naangalia kama kuna mtu ananiona, nalibandua kwa ukucha, naliweka mfukoni, nanyamaza.