Mshipa wa Ndugu Komba

Kama si Ndugu Komba, mtaalamu wa miamba ofisini kwetu, hadi leo ningekuwa nazurura Ilala bila viatu. Yeye ndiye aliyeniombea kazi ya utarishi. Kwa hiyo juzi nilipomsikia kwenye simu, moyo uliniruka.

"Mshipa ni mkubwa, bwana! Juu mwembamba kama kidole, chini umevimba kama ndoo. Wiki ijayo tunaupasua."

Masikini, bosi wangu! Nikakimbilia Kariakoo, kwa bibi muuza mizizi.

"Shikamoo, bibi. Nataka dawa ya mshipa."

"Marahaba." Akanitazama chini ya mkanda. "Pole, mjukuu wangu."

"Si wangu, ni wa bosi."

"Wote husema hivyo."

Asubuhi nikaingia kwa Ndugu Komba bila hodi, chupa mkononi. "Ndugu, usikubali kupasuliwa! Kunywa hii, mshipa utanywea wenyewe."

Kumbe nyuma ya mlango walikaa wageni watatu kutoka wizarani.

Ndugu Komba hakucheka. Alitoa mkobani jiwe jeupe, limejaa ulanga unaong'aa kama vipande vya kioo. "Mshipa wangu ndio huu, mdogo wangu. Umepita ndani ya mwamba, kule milima ya Uluguru. Tunaupasua kwa baruti."

Wageni walicheka hadi wakashika meza. Nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Nilipogeuka kutoka, Ndugu Komba akanishika mkono.

"Asante kwa kunijali," akasema. Kisha akaninong'oneza, "Lakini dawa niachie."