Aproni ya Esnah

Mimi na Esnah Nyaberi tumechuna majani chai kwenye mistari jirani huku Mogogosiek kwa miaka kumi na tisa, na sijaona mtu anayemtafuta Mungu kama yeye. Yeye alitoka Kisii, mimi nikatoka kando ya ziwa. Esnah huomba akichuna. Ukiona mikono yake inakimbia na midomo inacheza, usimsemeshe, hatakujibu mpaka aseme amina. Ijumaa hufunga, na siku hiyo kikapu chake ndicho hujaa kwanza. Jambo hilo hunikera sana, kwa sababu mimi huwa nimekunywa uji.

Shida yake ilikuwa moja tu, maji. Alipokuwa msichana mto uliofurika ulimbeba, kaka yake akamtoa kwa kumvuta nywele. Tangu siku hiyo akiona maji yanayopita magoti, rangi humtoka. Na kanisa letu hubatiza kwa kumzamisha mtu mzima mzima mtoni, mara moja kwa mwaka, mwezi wa Desemba.

Mwaka juzi alifika ukingoni, ghafla akakumbuka ameacha maharagwe motoni. Mwaka jana aliingia mpaka magotini, akageuka na kutoka. Watu walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Jioni nilimkuta nyuma ya nyumba yake analia.

"Mama Akello," akaniambia, "mimi nimepatia Mungu magoti tu. Nikikufa hivi, nitamwambia nini?"

Niliona aibu. Nilikaa naye hapo mpaka giza likaingia.

Mwaka huu akarudi darasa la ubatizo kwa mara ya tatu, akakaa na vijana wa sekondari waliokuwa wakimwita monita. Siku ilipofika alishuka mtoni na joho jeupe la kanisa, Pasta Kipkurui akiwa amemshika mkono. Magotini akapita. Kiunoni akapita. Nikajikuta napiga makofi peke yangu. Pasta akamlaza chali, joho likafura, na Esnah akaelea. Pasta akamsukuma tena, na tena akaibuka, uso mkavu. Kwaya ikapotea katikati ya ubeti.

"Mama, umevaa nini hapo ndani?" Pasta akauliza.

Esnah akavuta shingo ya joho kando. Ndani alikuwa amejifunga aproni ya plastiki, ile tunayovaa kila asubuhi ili umande wa majani usitulowanishe. Alikuwa ameizungusha mwilini na kuikaza kwa kamba, hewa ikajaa ndani. Kila mchunaji aliyesimama ukingoni aliitambua.

"Ni ya kazi, Pasta," akasema kwa sauti ndogo. "Niliogopa kulowa."

Pasta Kipkurui hakumkemea. "Mama, hapa tulikuja kulowa."

Watu walicheka hadi wengine wakakaa kwenye nyasi. Safari hii mimi sikucheka. Nilimwona Esnah akitazama ukingo, nikajua anahesabu hatua za kutoka. Nilimwombea kwa maneno mawili matatu, mimi ambaye huomba nikikumbushwa.

Hakutoka. Alipeleka mikono mgongoni chini ya joho kutafuta kamba, lakini fundo lilikuwa limelowa na kukazana.

"Mama Akello," akaita, "kuja unifungulie."

Niliingia na viatu vyangu vya Jumapili, vipya, vya Krismasi. Nikainua joho mgongoni; fundo lilinishinda kwa vidole, nikalifungua kwa meno. Nikamwambia sitoki hapo, nikaivuta nje ile aproni na kuikumbatia, na Pasta akamshika mabega.

Akazama. Akaibuka akikohoa, nywele zimemlalia usoni, akafuta macho, akaniona na aproni yake, akaanza kucheka. Nami nikacheka huku nalia, sikujali nani ananiona.

Tulidhani sasa atakimbilia ukingoni. Badala yake alimgeukia Pasta, akamwomba arudie, kwa maana mara ya kwanza alikuwa anafikiria mto tu, hakupata nafasi ya kumfikiria Mungu. Pasta akamweleza kwa upole kwamba mara moja inatosha, na kwamba kuna wengine kumi na wawili wanaosubiri kwenye baridi.

Esnah akaitikia kwa heshima, akaziba pua, akajizamisha mwenyewe.