Kibaraza cha Mishikio Minne

Dada yangu ni mkaguzi wa Mamlaka ya Ghuba. Mtaani wanamwita Mita, kwa ajili ya tepu ya kupimia anayoining'iniza kiunoni kama bastola. Anayejenga ufukweni, ndani ya vigingi vyeupe vya mpaka wa Mamlaka, huamka na kukuta alama nyekundu ukutani: bomoa.

Alama iliyochekwa kuliko zote aliipiga kwenye kibaraza cha mumewe.

Shemeji, seremala mstaafu, alikijenga dada akiwa safarini kikazi. Alichezea karata hapo na rafiki zake watatu. Tangu aache kazi, hapakuwa na mahali pengine alipoitwa bingwa.

"Mama watoto, hata salamu?"

"Salamu baadaye. Wiki ijayo nisikione."

"Na chakula, nacho marufuku?"

"Chakula hakipo ndani ya vigingi."

Shemeji akabomoa, kanuna. Kisha, yeye ambaye gazetini husoma mpira tu, akaanza kusoma sheria za Mamlaka. Akakuta kwamba ufukweni kinaruhusiwa kitu ambacho watu wanne wanaweza kukibeba, mradi kiondolewe kila jioni. Basi akaunda kibaraza kipya, cha mbao, chenye mishikio minne. Ikawa kila jioni wazee wanne wanakibeba hadi uani, karata wameziuma mdomoni, dada nyuma yao na tepu.

"Bado kidogo, mabwana. Mguu mmoja uko ndani."

"Mita, utatuua!"

"Mkifa nitawapima pia."

Miaka ikaenda hivyo. Mwezi uliopita akafariki mmoja wao, yule mnene mwenye kicheko cha kukohoa. Siku wazee waliporudi kucheza, nilikuwa nimewatembelea. Jioni ilipofika wakasimama wakiutazama mshikio wa nne. Wakajaribu watatu, kibaraza kikainama, hakikuondoka.

Dada akaja na sare yake, moja kwa moja kutoka kazini.

"Haya, piga alama yako," shemeji alisema bila kumtazama. "Tumebaki watatu."

Dada akavua kofia ya Mamlaka, akanikabidhi. Akashika ule mshikio.

"Sheria imesema watu wanne. Haikusema wazee wenye karata mdomoni. Beba!"

Wakabeba. Walipokitua uani, akajifuta jasho, akaketi mahali pa marehemu.

"Nigawieni na mimi. Mwenzenu, Mungu amrehemu, alikuwa akificha karata kwenye soksi miaka yote. Nilikuwa namwona."

"Ukanyamaza?"

"Soksi hazipo ndani ya vigingi."