Nilimwambia Njia Iko Muzuri, Macho Yangu Yakiwa Kwenye Mchezo

Nimekosa. Wacha niseme hivyo kabla sijaanza kutafuta maneno ya kujitetea, maana kwa kujitetea mimi ni hodari. Nimemkosea mtu ambaye hakunifanyia ubaya wowote, na mtu huyo leo akiniona ananisalimu kwa heshima kuliko zamani. Jamani! Afadhali angenitemea mate.

Jina langu silitaji. Mimi ni mama wa watoto, nina butiki ndogo hapa Kabambare: sabuni, chumvi, mafuta, betri za tochi. Butiki yenyewe si kitu, ila imekaa mahali ambapo rezo ya simu inashika vizuri. Kwa hiyo wenye pikipiki, kabla ya kutoka kwenda Kasongo, wanapita kwangu kuuliza habari za njia. Wenzao walio mbele wakikuta matope mabaya au daraja limeharibika, wakifika penye rezo wananipigia mimi, na mimi nawaambia wanaotoka.

Hakuna aliyeniteua. Ilianza tu, ikawa mazoea. Lakini nilikuwa najivunia, nisidanganye. Nikisema ngojeni, wanaume wazima wanazima pikipiki zao na kungoja. Nikisema nendeni, wanawasha.

Basi shemeji yangu mmoja alikuja kututembelea kutoka Bukavu, akaniwekea mchezo kwenye simu. Mnaujua ule mchezo ambao vijana wanajenga nyumba kwa vipande vya mraba? Huu umetokana na ule, ila huu ni hadithi. Uko na kundi la marafiki, wote ni miraba mitupu kuanzia kichwa hadi viatu, mnasafiri, dude kubwa linawafukuza, mnaingia mapangoni, mnagombana, mnapatana.

Na kila mara hadithi inasimama inakuuliza wewe: unajibu nini? Unamsaidia nani? Chini ya kioo kuna mstari unaopungua, unapungua, ukiisha kabla hujachagua basi hadithi inakuamulia yenyewe. Na wale marafiki hawasahau ulichowaambia! Ukimjibu mtu vibaya leo, kesho anakununia. Mimi, mama mzima, nililia kwa ajili ya mtu mwenye pua ya mraba. Mume wangu alinicheka mpaka akakohoa.

Tatizo lilikuwa simu kuita. Ikiita, mchezo unakatika, nikirudi naanza kile kipande upya. Nikajifunza kubonyeza kile kidege kinachofunga mawasiliano yote. Mwanzoni kwa muda mfupi tu, nimalize mahali patamu nifungue. Halafu muda mfupi ukawa saa nzima, saa ikawa asubuhi yote.

Watu wakilalamika hawanipati, najibu: "Rezo leo iko mubaya." Nani atabisha? Kwetu hapa rezo inabeba dhambi za watu wengi.

Siku yenyewe, mvua ilikuwa imenyesha tangu jioni iliyotangulia mpaka alfajiri. Mdogo wangu Feza alitaka kwenda Kasongo. Feza ni fundi wa kushona, cherehani yake ya miguu inakaa hapa barazani kwangu, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa, alihitaji kitambaa cha sare. Dereva wake alikuwa Sumaili. Huyu ni kijana mpole, wa kusali sala zake, na anaendesha polepole mpaka abiria wengine wanamlaumu.

Nilikuwa nimebonyeza kidege tangu nilipofungua butiki. Feza alikuwa nyuma ya nyumba anaagana na mama yetu. Sumaili akasimama mlangoni, kofia ya pikipiki mkononi.

"Mama, njia iko namna gani?"

Mimi kwenye kioo nilikuwa na mlango wa chuma unaoshuka. Marafiki wawili wamebaki nje, dude linakaribia, ninayeweza kumvuta ni mmoja tu. Mstari unapungua!

"Mama? Muko na habari ya njia?"

"Njia iko muzuri," nikasema. "Muende tu."

Sikuinua hata macho. Alisema asante. Nikamvuta yule niliyemtaka, mlango ukashuka, na huku nje nikasikia pikipiki inawaka, na Feza, ambaye huniita Yaya kwa kuwa ni dada yake mkubwa, anapaza sauti, "Yaya, tutaonana kesho!" Nadhani nilimpungia mkono. Sina hakika. Mpaka leo najiuliza kama nilimpungia.

Kipande kilipoisha nikafungua mawasiliano. Simu ikaanza kutetemeka mezani, ujumbe juu ya ujumbe. Wote ulitoka kwa dereva mmoja aliyekuwa njiani, na wote ulisema jambo lile lile: "Mama, daraja ya magogo imekatika upande moja. Maji inafunika, mutu hawezi kuona. Kataza watu, wasitoke."

Nikampigia Sumaili, hapatikani. Nikampigia tena, hapatikani. Bila shaka hapatikani, ukishapita mashamba ya mwisho hakuna rezo mpaka mbali kule!

Nikakimbia miguu mitupu hadi wanapoegesha pikipiki. Nikamkuta Assani, dereva wa siku nyingi, anapangusa kiti chake. "Washa! Tumfuate Sumaili! Daraja imevunjika!" Hakuuliza kitu. Akawasha.

Sijawahi kuomba Mungu namna ile. Nilimwomba atoboe tairi la Sumaili. Nilimwomba Feza asikie kiu, ashikwe na tumbo, agombane na dereva wake, chochote kitakachowasimamisha! Matope yalikuwa yanatuvuta kila kona, tukaanguka mara moja, tukainuka, Assani anapiga kelele, "Shika, Mama, shika!" Kila tuliyemkuta njiani nilimuuliza kama ameona pikipiki yenye dada wa kitenge cha njano. Wamepita, wanasema. Wamepita kitambo.

Tulipoteremka mtoni niliona kwanza kile kitenge. Kilikuwa kimenaswa kwenye vijiti katikati ya maji, kinapepea.

Nikajua Feza amekufa. Nilipiga ukelele ambao Assani anausema hadi leo.

Hakufa. Alikuwa kando, kwenye majani, amelala chali, na mguu wake wa kulia umegeukia mahali ambapo mguu haugeukii. Sumaili alikuwa amempakata kichwa, amelowa maji mwili mzima, damu inamtoka kwenye kidevu. Yeye ndiye aliyejitosa akamtoa. Pikipiki ilikuwa imeenda na maji. Watu wa shamba la karibu walikuwa wamefika, wanakata miti ya kumbebea.

Sumaili akaniona. Hakukasirika, ndiyo maana inaniuma. Alishangaa tu, kama mtoto.

"Mama, mulisema njia iko muzuri. Niliona maji juu ya magogo, nikawaza, kama kuko hatari Mama angetuambia."

Wote wakanigeukia. Assani akanigeukia. Wale wenye panga wakaacha kukata.

Hapo ndipo ningesema kweli. Kulikuwa na nafasi, nawaapieni. Lakini mdomo wangu ulitangulia.

"Mimi? Mimi nilikuambia daraja imekatika! Nilikukataza, ukasema una haraka!"

Na nikafanya jambo baya zaidi. Nikatoa simu, nikamwonyesha Assani ule ujumbe. "Angalia. Habari nilikuwa nayo." Akasoma, akatikisa kichwa kwa huzuni, akamgeuzia Sumaili macho makali. Hakuna aliyetazama uliingia saa ngapi. Simu iliyopaswa kunihukumu ndiyo iliyonitetea!

Sumaili akaushika mti wa kumbebea Feza upande wa mbele, akatembea nao.

Feza alilazwa muda mrefu. Mguu uliunga vibaya, kwa hiyo anatembea kwa fimbo, na cherehani ya miguu hawezi kuikanyaga tena. Aliniuliza mara moja tu tukiwa wawili, "Yaya, kweli ulimukataza?" Nikasema, "Kweli." Akaniamini, mimi ni dada yake.

Wenzake Sumaili walikaa wakamhukumu. Mtu anayekatazwa na Mama wa butiki halafu anabeba dada wa watu akamtupa mtoni, huyo si dereva. Wakamvua jezi yao ya kazi, wakamkataza kuegesha pamoja nao. Akaenda Lusangi kuchimba dhahabu, yeye ambaye hakuwahi kushika sururu. Mama yake alipopita sokoni wanawake walikuwa wanamnyamazia.

Na mimi? Nikapanda cheo! Sasa dereva mpya akifika, wakubwa wake wanamwambia, "Musikilize Mama, usifanye kama Sumaili." Wananiletea ndizi, wananiletea samaki wa mto Lualaba wakitoka Kasongo. Nawapokea nikitabasamu, halafu naingia ndani nakaa juu ya gunia la chumvi, moyo unadunda kama wa mwizi.

Mchezo niliufuta, kana kwamba ndio uliosema uongo.

Nilidhani mambo yataishia hapo, kila mtu na mzigo wake. Hayakuisha. Siku moja Baba Sumaili alituma habari kwamba anataka kuja kuzungumza na familia yetu. Mume wangu akapanga viti. Mama yangu akakaa, Feza akakaa na fimbo yake. Mzee akaingia na mwanawe, na chini ya kwapa la mwanawe kulikuwa na kuku mweupe, amefungwa miguu.

Huku kwetu mkosaji akija na kuku, amekubali kosa. Kuku akipokelewa, anachinjwa siku hiyo hiyo, pande zote mbili zinakula, na neno lile halisemwi tena.

Nilipomwona yule kuku, nikarudisha kiti changu nyuma.

Sumaili alikuwa amekonda. Alipiga magoti mbele yangu, mimi!

"Mama, kule shimoni nimewaza sana," akasema. "Watu wote wanasema mulinikataza. Watu wote hawawezi kukosa, mimi peke yangu nikuwe na haki. Pengine kichwa yangu ilikuwa kwa safari, mukasema, na mimi sikushika. Munisamehe."

Mnaelewa? Alikuwa ameanza kuuamini uongo wangu kuliko masikio yake mwenyewe.

Nilimtazama Feza. Alikuwa analia. "Yaya, umusamehe," akasema. "Mimi nimeisha kumusamehe. Ndiye alinitoa mu maji."

Baba yake alikuwa ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni, sasa. Sema sasa! Nikafungua mdomo. Mume wangu akaniambia taratibu, "Pokea, mama."

Nikanyoosha mikono nikapokea kuku.

"Nimekusamehe," nikasema.

Nilimchinjisha yule kuku, nikampika kwa mikono hii, na ugali, na sombe ya majani ya muhogo pembeni. Nilimpakulia Sumaili kipande kizuri. Alikula akiwa ameinama, na alipomaliza alinishukuru. Nami nilikula, kwa sababu nisipokula msamaha haukamiliki. Usiku ule nilitapika, mama yangu akadhani nina mimba.

Wakamrudishia jezi. Sasa anaendesha pikipiki ya mjomba wake, na kabla ya kila safari anakuja kwangu kama wengine. Ila yeye anazima pikipiki kabisa, anavua kofia, anasimama karibu. Nikishamwambia habari za njia, anasema, "Mama, murudilie tena, nisikie muzuri." Narudilia. Anasogeza midomo, anayashika maneno kama mtoto wa darasa la kwanza. Ndipo anaondoka.

Mwenzangu unayesoma, sikukatazi kucheza. Cheza, hadithi zile ni tamu. Lakini kama kuna watu wanaokutegemea kwa neno lako, usiwape neno la kuwafukuza mlangoni ili umalize utamu wako. Sema "sijui". Mimi ningesema "sijui", Sumaili angengoja, Feza angekuwa anashona.

Na ukishakosa, sema pale pale, hata watu wakuzomee, hata wakuburute matopeni! Usingoje. Ukingoja, utafika siku mtu uliyemwumiza atakupigia magoti, nawe utampa msamaha. Hakuna jambo chafu zaidi nililowahi kufanya.

Watu wananiambia yamekwisha, kuku ameliwa, ukiyafukua utaziaibisha familia mbili. Hapana, hawaniambii watu. Najiambia mimi.

Sasa hivi ninapoandika, Sumaili yuko barazani, anafunga mzigo wa abiria. Wenzake wako naye, Assani pia yupo, na Feza amekaa kwenye kiti chake. Namsikia amezima pikipiki. Anagonga mlango polepole, anasema, "Mama?"

Naweka simu chini. Natoka kusema kweli.