Mkia wa Kuku Kwenye Vitambaa vya Mama

Nimewahi kuchimba visima, kupaka rangi kanisa, kuchunga nyuki wa mtu na kukimbizwa na nyuki hao hao. Shule niliacha darasa la saba. Kuuliza maswali sijaacha. Ila sindano ya kroshia sikuwa nimeishika hadi mwaka jana, nilipokuwa Kitale nikishona midomo ya magunia kwenye ghala la mahindi.

Dada yangu mdogo, aliyebaki nyumbani kwetu Bumula, alinipigia simu. Watu wa mchumba wake walikuwa waje kujitambulisha baada ya wiki mbili. Mama alikuwa ameanza kumshonea seti ya vitambaa vya viti, kumi na viwili, akafariki sita vikiwa bado havina pindo.

"Kaka, sitaki vya kununua. Nataka kila mgeni aegemee kitambaa cha mama. Nitafutie fundi huko."

Parseli ilinifikia: vile sita, uzi wa mama, na kimoja kilichokamilika cha kufuatisha.

Nje ya ghala kulikuwa na mama wa vitunguu, ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri. Alishona kroshia akingoja wateja. Nikampelekea. Akageuza kitambaa nyuma, maana huko ndiko siri za mshonaji hukaa.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Alituacha, mama."

"Woi, pole. Basi mimi sigusi. Kazi ya marehemu inamaliziwa na mtoto wake."

"Lakini mimi ni mwanamume."

"Kwani nimeuliza? Uko na vidole ama huna?"

Nilikuwa navyo kumi. Akanipa sindano yenye kichwa cha ndoana na kiti cha kreti.

Pindo la mama yangu, yule wa vitunguu aliliita mkia wa kuku. Unazungusha uzi kwenye sindano, unaingia tunduni, unavuta, unatoa vitanzi viwili, kisha viwili tena. Huo ni uzi mmoja umesimama. Unasimamisha tano ndani ya tundu lile lile, nazo zinajipanua kama mkia wa kuku aliyekasirika. Unaruka matundu mawili, unabana chini, unaruka mawili tena, unaanza mkia mwingine. Nilishangaa hadi nikasahau magunia. Kumbe urembo wote ule ni kusongamanisha nyuzi mahali padogo!

Wapakiaji walinizomea kutoka kwenye lori. "Bibi harusi! Gunia linakulilia huku!"

"Liambieni linisubiri, navaa!" nikawajibu.

Siku ya tatu nilimaliza kitambaa cha kwanza. Nilipokitandaza mapajani kilikataa kulala. Kingo zote ziliinuka, kikawa bakuli.

Mama wa vitunguu alicheka mpaka akafuta machozi kwa leso. "Hii unapimia maharagwe, bana!" Kisha akanitazama mikono. "Unashona kama gunia. Kila tundu unakaza. Si hapa hakuna mahindi ya kumwagika? Legeza."

Alisema kweli. Kwenye gunia, ukilegeza, mwenye mali anakufukuza. Mkono wangu ulikuwa umejifunza kutoamini uzi. Ilibidi niufundishe upya, na vile vitano vilivyofuata vilikuja vikilala vizuri zaidi kila kimoja. Lakini muda wa kufumua lile bakuli haukubaki.

Jumamosi asubuhi nilikuwa Bumula. Dada alitandika viti kumi na kimoja akiimba, kisha akaliona bakuli.

"Kaka! Hiki nikiweke wapi?"

"Kiti cha kona. Hapo hakuna mgeni wa maana atakaa."

Wageni waliingia, na senge wa mchumba, yaani shangazi yake mkubwa, akapita viti vyote akaenda kwenye kona. Dada aliniangalia kwa jicho la kuua. Senge alijaribu kuegemea. Akahisi kitu, akakivuta kitambaa, akakigeuza nyuma.

"Hiki na vile," akasema, "si mkono mmoja."

Dada alikuwa ameshika birika.

"Mama alianza, senge," akasema. "Hakuwahi kumaliza. Kaka ndiye amemalizia."

Senge akanipima kutoka viatu hadi kichwani. "Wewe? Unafanya kazi gani?"

"Nashona magunia, senge."

"Hiyo inaonekana."

Nyumba nzima iliangua kicheko, dada kuliko wote, chai ikamwagika kwenye sahani. Senge akakirudisha kitambaa mahali pake, akakinyoosha kwa kiganja, kikainuka tena, akakiegemea hivyo hivyo. Hakuhama kiti hata chakula kilipoletwa.

Wakati wa kuaga alinivuta kando. Alikuwa na vitambaa vinane Sirisia, alivyoachiwa na mamake bila pindo, na macho yake yalikuwa hayaoni tena matundu.

"Wa kuvimalizia ni mtoto," nikamwambia kama nilivyofunzwa.

"Nitashika uzi mimi. Wewe utakuwa macho yangu."

Sirisia sikuwa nimewahi kuishi. Jumatatu nilikuwa huko.