Siku ya ruracio nilimwinua mama mkwe miguu mbele ya wazee

Wakuu, pokeeni salamu kutoka Tetu, ambako baridi ya mwezi wa saba haina adabu. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Mashahidi ni zaidi ya hamsini, ingawa nusu yao hawapendi kuulizwa.

Nilikuwa nimepeleka wazee wetu kwa kina Wangeci, mchumba wangu, kwa ruracio, yaani mazungumzo ya mahari. Anayetujua sisi Agikuyu anajua kuwa mama mkwe ni mtu wa kuheshimiwa ukiwa mbali. Humshiki, humtanii, na macho yako unayaweka chini. Mimi nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima.

Upande wao uliongozwa na Mzee Gathogo, kaka mkubwa wa marehemu baba yake Wangeci. Akikohoa kidogo tu, boma lote linanyamaza.

Sasa, vijana wa kwao waliwasha moto wa kuchoma mbuzi chini ya mti wenye mzinga wa nyuki. Mzinga huo ndio uliotoa asali ya muratina, ile pombe ya wazee. Kamati ya sherehe ilikaa vikao vinne kujadili rangi ya hema. Moshi utaelekea wapi, hakuna aliyeuliza.

Nyuki wakashuka, watu wakatimua mbio. Mzee Gathogo aliumwa mara nne kichwani, akapangusa kipara, akaendelea na muratina yake. Mama yake Wangeci aliumwa mara moja tu, shingoni.

Dakika tano hivi baadaye akaanza kujikuna viganja. Uso ukafura, midomo ikafura, vipele vikajaa mikononi. Sauti ikakwaruza, na kila akivuta pumzi kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Akatapika. Akasema anaona giza.

Hapo ndipo kila mtu akawa daktari.

"Hiyo ni presha," akasema shangazi mmoja. "Mpatieni maziwa ikate hiyo sumu."

Mwingine akaleta kitunguu cha kusugua. Mwingine akatoa kwenye mkoba tembe ya allergy ambayo sijui ilikaa humo miaka mingapi. Halafu Mzee Gathogo akatoa hoja ya kisayansi.

"Mimi nimeumwa na nne na niko tu sawa. Yeye ni moja. Msimamisheni atembee kidogo apate hewa."

Wakuu, mimi ni karani wa kiwanda cha chai. Mwaka jana tulipelekwa training ya huduma ya kwanza, siku mbili, na nilijiandikisha kwa sababu ya lunch. Mengi yalitoka na lunch hiyo hiyo, lakini moja lilinibaki. Mtu akipata reaction ya mwili mzima, pressure yake inaweza kuporomoka. Mlaze chali, miguu juu, na kama anashindwa kupumua mwinue mgongo kidogo, lakini usimsimamishe wala kumtembeza, maana anaweza kufa hapo hapo. Dawa yake ni sindano ya adrenaline pajani, upesi. Tembe haiwezi kazi hiyo.

Kwa hivyo nilijua. Nikabaki nimesimama na ujuzi wangu, kwa sababu miguu yenyewe ilikuwa ya mama mkwe na wazee wa pande zote mbili walikuwa wamekaa mstari wa mbele.

Wakamsimamisha. Hatua ya pili magoti yakamwisha, macho yakageuka.

"Si ufanye kitu!" Wangeci akanipigia kelele. "Ulisema ulisomea hii!"

Nikaenda. Nikamlaza kwenye nyasi, nikashika miguu yake kwa mikono yangu miwili, nikaiweka juu ya kreti ya soda tuliyoleta kama zawadi. Wangeci akamfunika kwa leso.

"Kijana," akasema Mzee Gathogo, "unafanya nini na miguu ya mama ya watu? Kwetu anayelazwa chini hivyo ni maiti."

"Mzee, faini nitalipa," nikamwambia. "Leteni pickup."

Pickup iliyoleta zawadi ndiyo iliyompeleka health centre, amelala kwenye godoro nyuma, miguu juu ya kreti, mimi na Wangeci tumemshikilia. Muuguzi alimtazama mara moja. Hakuuliza hata kadi. Sindano pajani, oxygen, dripu. Dakika chache baadaye alihitaji sindano ya pili, na hapo ndipo pumzi ikarudi. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama wageni wamekula.

Muuguzi alituambia idadi ya nyuki si hoja. Mwili ukishaikataa sumu, mmoja anatosha. Wangeci akakumbuka kuwa mwaka jana, wakichuma kahawa, mama aliumwa akawashwa mwili mzima, wakampaka majivu wakarudi kwa kahawa.

Muuguzi akasema pia kwa watoto kinacholeta reaction mara nyingi ni chakula, kama njugu, mayai au maziwa, na mtoto mdogo hawezi kusema koo linabana. Utaona anatapika, analegea au ananyamaza ghafla. Kwa watu wazima ni dawa na wadudu zaidi. Wazee wenye ugonjwa wa moyo au wanaomeza dawa za presha wanaweza kulemewa haraka. Sindano ni ile ile kwa wote, dozi tu ndiyo inabadilika. Na mama alilazwa hadi kesho yake, kwa sababu reaction inaweza kurudi hata baada ya mtu kupata nafuu.

Kesho yake Mzee Gathogo alifika wodini na wazee wawili. Walikuwa wamekaa kikao. Uamuzi: nilivunja heshima ya mama mkwe, nilete kondoo dume mnene.

Mama alisikiliza hadi mwisho, uso bado umefura.

"Kondoo alete yule alisema nitembee," akasema. "Huyu aliona miguu yangu. Nyinyi mlikuwa mnataka kuniona kwa sanduku."

Mzee Gathogo hakukohoa.

Wakuu, ukiona uvimbe, pumzi ya shida na kizunguzungu baada ya nyuki, chakula au dawa, usingoje kikao. Laza mtu, kimbiza hospitali. Na aliyewahi kupona aulize daktari kuhusu sindano ya kutembea nayo.

Wengi hapa mtanisifu. Msiharakishe. Mama alisimamishwa na mimi nikiangalia, nikiwa najua. Leo ananiita mwanangu, na hakuna aliyemwambia kwamba nilijua nikanyamaza. Nyinyi mngemwambia?